Kwanza Uwe Ndeke

Kila Jumamosi saa tisa, chini ya mtaa wetu wa Songo, ufuoni mwa ziwa, pale ambapo maji yaliwahi kuchukua nyumba yakaacha uwanja, mwanamke mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani alisimama katikati ya mduara uliochorwa kwa majivu, kamba mkononi. Upande wa pili wa kamba alikimbia mwanamume mzima, na ndevu zake na heshima zake, amekunjua mikono kama mabawa. Siku niliyopita pale mara ya kwanza nilikuwa natoka kununua ndagala, na aliyekuwa akikimbia ni polisi wa barabarani, yule yule ambaye asubuhi yake alikuwa amenisimamisha kwa ukali njia panda. Nilicheka mpaka nusu ya ndagala zikamwagika.

"Weye unayecheka," yule mwanamke akasema bila kuacha kuzunguka, "weka samaki chini, kuya. Nafasi iko."

Ndivyo nilivyoingia klabu ya ndege, na mpaka leo sijui kama niliingia kwa hiari yangu.

Sote tulimwita Monitrisi, kwa sababu miaka mingi alikuwa amefundisha shule ya watoto wadogo kabisa, wale wanaofika na kamasi na kilio cha kumtaka mama. Alipostaafu alituhamishia sisi ufundi wake wote. Alituita kwa kupiga makofi matatu. Alitupanga mstari kwa urefu. Ukigombana na mwenzako alikutuma ukasimame ukiliangalia ziwa mpaka hasira iishe, na nimemwona katekista wa parokia amesimama pale kimya, mikono nyuma, akiliangalia ziwa kama alivyoamriwa.

Ndege zetu hazikubeba mtu. Zilikuwa na urefu wa mkono, zimechongwa kwa frigolite, ile nyeupe nyepesi ya masanduku ya kuhifadhia samaki na dawa, zikatiwa mota ndogo na betri zilizotolewa katika vitu vilivyokufa. Nyuzi mbili za nailoni, za wavuvi, zilitoka kwenye bawa mpaka mkononi mwa rubani. Ukivuta huu ndege inapanda, ukivuta ule inashuka, nawe unazunguka nayo papo hapo ulipo. Kuirusha tu si kazi. Kazi ni michezo yake: kupiga kitanzi hewani, kuchora nane, kwenda mgongo chini tumbo juu, kisha kutua bila kuvunja pua, huku majaji watatu wameketi kivulini wakiandika alama. Mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapotulia, klabu za ufuoni zilishindana. Tulikuwepo sisi wa Songo, walikuwepo wa Nyamianda, na wengine walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka.

Lazima nieleze inavyokuwa ukisimama katikati, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wazima walivumilia kupangwa mstari. Mizunguko ya kwanza unaona ziwa, mabati, mlima, ziwa, mabati, mlima. Baadaye vinaanza kuingiliana. Milima ya Burundi, kule upande wa pili wa maji, inakuja na kupita, inakuja na kupita, samawati juu ya samawati, na sauti za akina mama wanaofua zinakufikia vipande vipande kutoka kila upande. Dunia nzima inayeyuka pole pole, na kitu pekee kilichotulia ni ile ndege mbele ya macho yako. Nimewahi kusahau nyumba yangu iko upande gani. Nimewahi kutoka katika ule mduara na raha ambayo sikuwahi kuipata kanisani, Mungu anisamehe.

Lakini kufika katikati hakukuwa rahisi, kwa sababu ya sharti lake. Katika kinywa cha kwetu ndege ni ndeke, na sharti la Monitrisi lilikuwa maneno matatu: kwanza uwe ndeke. Kila mgeni, awe nani, alikimbia Jumamosi tatu kwenye ncha ya kamba kabla ya kugusa chombo chochote. Yeye Monitrisi ndiye aliyemrusha. Akivuta hivi, unanyoosha shingo na kupanda kwa vidole. Akivuta vile, unainama. Akisema kitanzi, unabingirika kwenye majani.

Dereva mmoja wa pikipiki, tuliyemwita Motari, alijaribu kujitetea siku yake ya kwanza.

"Mama Monitrisi, minye niko na bibi na batoto bane. Batu banapita banaona."

"Baache baone. Batoto bako banakimbia bila haya. Juu ya nini baba yabo aogope?"

"Banatumia simu, Mama. Banapiga foto."

"Basi kimbia vizuri, utoke vizuri mu foto."

Motari alikimbia. Baadaye akawa rubani wetu wa pili kwa ustadi, na picha ile akaifanya uso wa simu yake.

Sababu ya sharti hakupenda kuieleza, maana aliamini kuwa mtu akieleza sana huwa hajafundisha. Mara moja tu nilimsikia akimwambia yule polisi, aliyekuwa amevunja bawa kwa kuvuta kwa nguvu: "Asiyewahi kuvutwa hajui kuvuta." Na kweli, ukishakuwa upande ule wa kamba unajua. Mkono wa mwenzako ukiwa na hasira, unaisikia mpaka kwenye mbavu.

Kila mchezo ulikuwa na wimbo wake, nyimbo alizotunga kwa ajili ya watoto wanaojifunza kuvaa viatu. Kitanzi kilikuwa "panda, panda, lala, shuka." Nane ilikuwa "mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mama anakuja." Tuliimba kimoyomoyo ili tusikosee muda. Katika mashindano, mbele ya majaji na wapinzani, ungeona midomo ya polisi wa barabarani ikicheza: mama anakuja, mama anakuja.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alisema hajali ushindi, ushindi ni wa watoto wenye njaa ya sifa. Lakini mwaka Nyamianda walipotushinda hakumpa mkono kiongozi wao wakati wa kutakiana amani misani, akajifanya anatafuta leso. Alikataza mtu yeyote kuomba upepo mzuri. "Upepo haiombewi, inangojewa," alisema, nasi tukangoja, na pembeni niliiona rozari ikitembea ndani ya mfuko wa kitenge chake, punje kwa punje. Alitukemea kwa uvumi, halafu ndiye aliyejua kabla ya sote nani kaachwa na mkewe. Na mtu huyu aliyeishi kwa ajili ya ndege hakuwahi kupanda ndege. Mpwa wake aliwahi kutaka kumpeleka Kinshasa kwa ndege. Alikataa mpaka mpwa akanuna.

"Ile haina kamba," alituambia. "Ikichoka, itarudi kwa nani?"

Akikasirika alihesabu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, mpaka kumi, taratibu, akituangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kumngoja afike saba.

Kilichomnyima raha ni kimoja tu, nacho ni idadi. Kanuni ya mashindano ilidai kila klabu ilete marubani sita. Klabu ikikosa miaka mitatu mfululizo inafutwa, jina lake na nafasi yake. Na sisi watu wetu walikuwa kama maji kwenye kapu. Huyu alihama, yule alivuka mpaka na familia akapata kazi huko, mwingine mkewe alimwambia achague. Waliobaki wengi walikuja, wakakimbia Jumamosi moja, wakapigwa foto, hawakurudi. Mwaka mmoja tulipeleka watano. Mwaka uliofuata, watano tena.

Kwa hiyo Monitrisi alitafuta watu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Alisimama mlangoni mwa kanisa. Alisimama kwenye foleni ya maji hata siku ambazo nyumbani kwake maji yapo. Nami nilikuwa sekretere wake, nikimfuata na daftari. Katika matanga ya jirani, watu wakilia, alinigusa kiwiko akaninong'oneza huku macho yake yakiwa kwa shemeji ya marehemu: "Uyo muntu iko na miguu ya ndeke. Andika." Niliandika. Shemeji ya marehemu alikuja Jumamosi iliyofuata, akakimbia, akalia, akasema imemsaidia, hatukumwona tena.

Nilimpenda. Nasema hivyo mapema, kabla sijasema nililofanya.

Mwaka huo wa tatu, miezi michache kabla ya mashindano, alifika uwanjani mfanyabiashara wa simu kutoka Kilibula, ambaye kila mtu alimwita Shefu. Alikuja na rafiki zake wanne na ndege mbili za kununua, zenye rangi ya kung'aa, mabawa yamenyooka utafikiri yamepigwa pasi. Alisema wanataka kuingia klabu yetu. Nilipiga hesabu kichwani. Tungekuwa kumi na mmoja.

Monitrisi alifurahi, akampa mkono, akampa ncha ya kamba.

Shefu akaiangalia. "Mama Monitrisi, ile ya kukimbia, hapana. Minye niko na magazini. Bateja bangu bataniona."

"Mara moya tu leo. Zingine zitafuata."

"Hata mara moya."

"Basi, mwanangu, ngojea mpaka haya ikuishe. Minye niko hapa kila Jumamosi."

Alisema kwa upole kabisa, kama anavyosema mtu na mtoto asiyetaka kuvua koti. Shefu akawakusanya wenzake wakaondoka. Ndege zile za kung'aa zikapanda nao njia ya kwenda barabarani, nami nikaona klabu nzima inaondoka nazo.

Nikamgeukia mbele ya watu wote. "Unaiua klabu," nilisema. "Kwa kiburi chako na kamba yako. Mwaka huu akiondoka mmoja tu wanatufuta, na utakuwa wewe umetufuta."

Hakuhesabu. Ningeshukuru kama angehesabu.

"Weye ulikimbia Jumamosi tatu," alisema. "Ilikuua?"

Nilikuwa rubani wake wa kwanza kwa ustadi. Nilikuwa wa sita, maana mwaka ule kwa bahati tulikuwa tumefika sita. Nililiweka daftari kwenye majani nikamfuata Shefu. Nilijiambia nakwenda kujenga klabu ya kweli, yenye mlango mpana. Ukweli ni kwamba zile ndege zilikuwa nzuri na mimi nilizitaka. Niliona aibu siku ile, na bado naiona.

Kilibula, ndani ya wiki mbili, tulifika tisa. Hatukumkimbiza mtu. Shefu alinifanya mwalimu, nami niliwafundisha kwa maneno na michoro ubaoni, na mwezi wa kwanza wakavunja ndege sita. Walivuta kama wanaopandisha ng'ombe mlimani. Niliwaambia taratibu, wakasema ndiyo, wakavuta vile vile. Basi Jumamosi moja nikaleta kamba. Niliwaambia kwamba klabu kubwa zote, kabla ya mazoezi, hufanya eshofma, yaani kupasha mwili moto, na eshofma ya marubani ni ya kamba. Shefu alivaa suti ya michezo mpya akakimbia akiwa amekunjua mikono. Alikimbia kwa bidii. Hata kubingirika alibingirika. Nikiwa katikati nikimzungusha, nilisikia kicheko kikipanda kifuani na pamoja nacho kitu kingine kilichonifanya nigeuze uso upande wa ziwa.

Ndege ziliacha kuvunjika.

Siku ya mashindano Monitrisi alikuja na watano. Alikuja na kitenge chake cha kijani, amewapanga kwa urefu, Motari mbele kwa kuwa ni mfupi. Jaji mkuu alisimama na karatasi akauliza Songo wangapi. Uwanja ulikuwa umejaa, lakini ukungu mwembamba wa asubuhi ulikuwa bado juu ya maji na kila sauti ilitua laini, hata lile swali.

Kabla hajajibu, Shefu aliinuka. Mpaka leo sijui kama alifanya kwa wema au kwa maringo. Nadhani kwa vyote viwili. "Mama Monitrisi, chukua sekretere wako. Tunakuazima. Mutakuwa sita."

Nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kuinuka, nilijikuta tu nimesimama. Ningevuka uwanja ule kwa magoti.

Monitrisi aliniangalia bila hasira. "Hapana," alimwambia jaji. "Huyu iko wa Kilibula. Sisi tuko batano."

Jaji hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia njia. "Mama, kama iko muntu mwingine yeyote mu ukoo, mu kanisa..."

"Nimesema tuko batano. Andika."

Jaji akaandika, na klabu ya Songo ikafutwa pale pale, kwa kalamu ya kawaida. Monitrisi akauliza kitu kimoja: je, watu wake wanaweza kuruka bila alama? Majaji wakatazamana, wakakubali. Nao wakaruka, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hakukuwa na cha kushinda waliruka pole, kama watu wasio na pa kwenda. Nane zao zilifunga bila kona. Motari alipinduka mgongo chini akaiacha ndege hivyo, mzunguko, mzunguko, mzunguko, tumbo jeupe linaelekea mbinguni, mpaka watu wakaacha kuzungumza na mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate akasahau kufunika mikate yake. Midomo ya Motari ilicheza. Nilijua maneno yote. Siku ile Kilibula tulipewa kikombe, na siwezi kukuambia kilikuwa cha rangi gani.

Sikumwona Monitrisi tena kwa miezi. Nilisikia kwamba uwanja wa chini ya Songo umelimwa mihogo. Nilisikia kwamba amewaambia wale watano waende Kilibula, kuna uwanja, kuna ndege, na wao wamekataa. Motari alisema heri auze pikipiki. Nilisikia goti la Monitrisi linamsumbua. Mara mbili nilitoka kwenda kwake, mara mbili nikaishia kununua ndagala na kurudi.

Halafu Jumamosi moja, sisi tukiwa katika eshofma, Shefu ameshika mwendo vizuri kwenye ncha ya kamba, nikaona kijani pembeni ya uwanja. Mlima ulikuja, mabati yakaja, kijani kikaja. Nilidhani ni kizunguzungu. Ziwa, mlima, mabati, kijani. Nikasimama, na Shefu akakimbia peke yake hatua tano zaidi kabla ya kugundua kwamba hakuna anayemrusha.

Monitrisi alikuwa akimtazama Shefu akikimbia, tangu lini sijui. Hakucheka. Hakusema neno juu ya jambo lile, wala siku ile wala nyingine, na kwa mtu aliyependa maneno kama yeye hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

"Muko na nafasi?" aliniuliza.

"Ya nani, Mama Monitrisi?"

"Yangu."

Nilikwenda kuleta daftari la Kilibula, nikaliangusha, nikaliokota. Alinitajia jina lake lote, nikaandika, akachungulia akanisahihisha herufi moja. Kisha akaanza kuvua viatu.

"Hapana, Mama," nilisema. "Wewe huhitaji. Wewe ndiye..."

"Sharti iko sharti."

"Na goti?"

"Nitatembea. Ndeke ya pole nayo iko ndeke." Aliviweka viatu sambamba, pua mbele, kama alivyofundisha vizazi vya watoto. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia: "Bale batano bako huko barabarani, nyuma ya ukuta. Banasema habawezi kuingia pahali penye minye sijaingia. Batu bazima, banasusa kama batoto. Sasa nimeingia."

Nilitazama. Juu ya ukuta wa uwanja, upande wa barabara, niliona ncha ya bawa jeupe la frigolite, halafu nyingine, zimeinuliwa ili upepo usizivunje.

"Basi waite, Mama," nilisema. "Piga makofi."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaichukua ncha ya kamba kutoka mkononi mwa Shefu na kujifunga kiunoni, fundo la watoto, lile la kufungua kwa kuvuta mara moja.

"Baite weye," alisema. "Minye hapa niko mwanafunzi."

Nikauacha mduara, nikavuka uwanja, nikaenda kuwaita.